Mgonjwa Aliyekatazwa Kusema

Mwalimu Desderius alikuja Nyaishozi mwaka 1946 kutoka upande wa Muleba, na masanduku mawili, moja la nguo na moja la vitabu. Lile la vitabu lilibebwa na wanaume wawili, na kabla hawajalitua alikuwa amekwisha kubishana nao kuhusu njia ya mkato, yeye ambaye alikuwa hajawahi kukanyaga kijiji chetu. Tulimjua siku hiyo hiyo.

Alibishana na padre kuhusu urefu wa mahubiri. Alibishana na mkewe, Ma Xaveria, kuhusu chumvi ya maharage, na maharage alikuwa hajayaonja. Na mimi, Yustus, niliyekuwa nikifundisha darasa la kwanza na la pili wakati yeye anafundisha la tatu na la nne, alibishana nami kuhusu kila kitu, hata mambo tuliyokubaliana. Nilimpenda sana. Pia zilikuwapo siku nilizotamani aumwe koo.

Lakini kufundisha alijua. Mtoto aliyepita mikononi mwake aliandika barua ambayo hata karani wa Kayanga aliisoma mara moja tu akaelewa. Watoto walimwogopa asubuhi, na jioni walimsindikiza mpaka mlangoni kwake wakigombania kumbebea kofia.

Kosa lake kwetu lilikuwa moja, na lilikuwa kubwa. Hakubeba engozi.

Wakati ule mgonjwa wa kwetu hakuwa na gari la kumpeleka popote. Alikuwa na engozi, machela ya miti miwili na kitanda cha kamba, na alikuwa na majirani. Pembe ikilia, kila nyumba inatoa mwanamume. Wanne wanabeba, wanane wanafuata, wanapokezana mpaka kwa dresa, mtoa dawa wa dispensari, huko Kayanga. Hakuna malipo. Leo umembeba mama yangu, kesho nitakubeba wewe. Asiyetokea anatozwa mtungi wa rubisi, pombe ya ndizi, nao unanywewa mbele yake ili auone ukiisha.

Engozi ilikuwa na miiko pia. Aliyelala juu yake hasemi. Anaweza kuugua apendavyo, lakini maneno hapana, kwa sababu wazee walisema maneno ya mgonjwa huwamaliza nguvu wanaombeba. Na engozi haigeuzwi njiani ikiwa na mtu hai juu yake. Ikishatoka kijijini, ama inafika, ama inarudi na maiti.

Desderius, pembe ikilia, alikuwa akiandika barua. Nazikumbuka barua zile. "Kwa Mkuu wa Wachukuzi, Ta Byarugaba. Nasikitika kwamba kazi za shule haziniruhusu." Chini aligonga muhuri wa shule. Ta Byarugaba hakujua kusoma, kwa hiyo alinipa mimi nimsomee, na mimi nilimsomea huku mti wa engozi ukiwa begani. Mtungi wa faini aliutoa Ma Xaveria, aliyebadilishana maharage yake na rubisi ya jirani, huku akisema mambo kuhusu watu wa Muleba ambayo yeye mwenyewe, akiwa mtu wa Muleba, alikuwa na haki ya kuyasema.

Basi, mwaka 1952, mwezi wa saba, ikaja barua kutoka Kayanga. Baraza lilikuwa linataka kila mwalimu wa shule za Serikali ya Wenyeji akatwe shilingi mbili kila mwezi ziingie katika mfuko wa dawa. Akikatwa, yeye na mkewe na watoto wake watatibiwa katika dispensari bila kulipa kitu. Kabla ya kuamua, baraza lingewasikiliza walimu Jumamosi ya mwisho wa mwezi, mwalimu mmoja kutoka kila shule.

Mshahara wetu ulikuwa shilingi sitini na tano. Shilingi mbili zilikuwa sabuni na mafuta ya taa, na zilikuwa kiatu kimoja cha mtoto, kama ungempata muuzaji wa kiatu kimoja. Na dispensari yenyewe tuliijua. Mwezi ule ule nilikwenda huko na jino bovu. Dresa, bwana mmoja mwenye asili ya pwani aitwaye Gharib, mtu mpole sana, aliniambia dawa zimekwisha, imebaki iodini. Akanipaka iodini shavuni, kwa nje. Nilirudi nyumbani na jino langu na shavu la rangi ya kahawia, na watoto wa darasa la kwanza walicheka mpaka wakalia.

Walimu wa shule nane walimchagua Desderius awe msemaji. Nani mwingine? Lakini yeye alikuwa amewaza zaidi yetu.

"Yustus," aliniambia, "nikisimama mbele ya baraza nikasema dispensari haina dawa, watasema mwalimu anapenda kubisha."

"Watakuwa wamesema kweli," nikamjibu.

"Kwa hiyo sitasema. Nitaletwa nikiwa mgonjwa. Gharib atafungua kabati mbele ya macho yao, na kabati halina kitu. Hapo hata asiye na akili ataelewa."

Nilimkumbusha habari ya mwalimu mmoja wa mwaka uliotangulia, aliyejifanya mgonjwa ili akavune kahawa yake. Alifukuzwa siku hiyo hiyo na jina lake likafutwa katika kitabu cha walimu, na hadi leo anauza ndizi. Desderius akasema mtu yule alifukuzwa kwa sababu aliugua vibaya, na yeye ataugua vizuri. Nilipaswa kukataa. Nilifikiria shavu langu, nikakubali.

Jumamosi ile, kabla jua halijatoka vizuri, pembe ililia kwa ajili ya Mwalimu Desderius. Kijiji kizima kilishangaa, na baadhi walifurahi kidogo. Ma Xaveria alikuwa amekataa kata kata kusema uongo, maana alikuwa ameungama juzi yake. Kila aliyeuliza alimwambia, "Mume wangu yuko kitandani, na kichwa chake hakiko sawa." Yote mawili yalikuwa kweli.

Ta Byarugaba hakuuliza mengi. Alimtazama Desderius aliyefungwa kitambaa kichwani, akatazama miguu yake mirefu iliyopita kitanda cha engozi kwa shubiri mbili, akasema, "Mbebeni." Watu kumi na wawili, katikati ya msimu wa kahawa, kahawa imeiva nyekundu mashambani, waliacha vikapu vyao wakambeba mtu ambaye hakuwahi kumbeba yeyote. Hapo ndipo dhamiri yangu ilipoanza kuniwasha, nami nilikuwa nimeshika mti wa mbele, upande wa kushoto.

Mwanzo tulikwenda kimya. Kilima cha kwanza kilipotuvunja migongo, midomo ikafunguka.

"Mtu huyu anapata shilingi sitini na tano," akasema Projest, jirani yangu, mtu wa maneno makali na moyo mzuri. "Kila mwezi. Mvua inyeshe, isinyeshe."

"Sitini na tano!" akasema mzee Ndyamukama, aliyekuwa akifuata nyuma na fimbo. "Mimi kahawa yangu inanipa fedha mara moja kwa mwaka, tena ikipenda."

"Na kazi yenyewe mpaka saa nane tu. Saa nane yuko nyumbani anasoma gazeti la mwezi uliopita."

Nilisikia kamba za engozi zikilia nyuma ya sikio langu. Mgonjwa alikuwa amejigeuza.

"Wanataka kumkata shilingi mbili za dawa," akasema mwingine.

"Wamkate! Kwani sisi hatukatwi? Kodi ya kichwa tunalipa, na kichwa kinauma vile vile."

"Hapana," akasema Ta Byarugaba, ambaye alikuwa mtu wa haki. "Mwalimu naye analipa kodi ile ile. Akikatwa tena, ni mara mbili kwa kichwa kimoja."

"Ana kichwa kikubwa," akasema Projest.

Wote wakacheka. Kamba zikalia tena, na safari hii pamoja na kamba nilisikia mguno. Watu walidhani ni maumivu, na kweli yalikuwa maumivu. Mtu aliyebishana na padre altare ikimtazama, leo mshahara wake unajadiliwa juu ya pua yake kwa saa nzima, watu wanakosea saa za kazi, wanakosea habari ya gazeti, naye hana ruhusa ya kufungua mdomo. Niligeuza shingo nikamwona. Alikuwa ameuma pembe ya blanketi.

Wallahi nilitamani kucheka, lakini mti ulikuwa umenikaba bega.

Tulipita Omurushaka. Shabani, mwenye duka, alitoka akatupa maji ya kunywa na pole nyingi, akauliza mwalimu ana nini. "Hawezi kusema," akajibu Ta Byarugaba. Shabani akashika kichwa. "Desderius hawezi kusema? Basi hali ni mbaya." Akaingia ndani akatoka na kipande cha sukari guru kwa ajili ya mgonjwa, bure, yeye ambaye alimbana kila mteja kwa senti tano. Projest akakila.

Ilikuwa mbele kidogo ya hapo, Kayanga ikiwa tayari inaonekana ng'ambo ya bonde, Projest aliposema neno lile.

"Mshahara basi, tuache. Lakini kazi hafanyi. Mwanangu Egbert yuko darasa la tatu kwake tangu Januari, na mpaka leo hajui kuandika jina la baba yake."

Engozi iliruka. Mti ulinipiga sikio. Desderius alikuwa amekaa wima katikati ya kitanda cha kamba, kitambaa kimemwangukia jicho moja, kidole kimenyooka.

"Siku arobaini na moja!" alipiga kelele. "Siku arobaini na moja hajafika shule! Unampeleka kuchuma kahawa, unampeleka kuchunga mbuzi, halafu unaniuliza mimi jina la baba yake! Mahudhurio yapo, yameandikwa! Nimfundishe nani, dawati?"

Nyuma yetu mzee Ndyamukama aliichomeka fimbo yake ardhini.

"Mgonjwa amesema," akasema mzee Ndyamukama.

Tukasimama. Kila mtu alimtazama Desderius, halafu, mmoja baada ya mwingine, wakanitazama mimi. Uso wangu haujawahi kujua kuficha kitu. Nikasema yote, habari ya kabati tupu, ya baraza, na ya shilingi mbili.

Ta Byarugaba alinisikiliza mpaka mwisho. Sijawahi kumwona mtu amekasirika bila kupandisha sauti namna ile. "Tumeacha kahawa," alisema. "Mke wa Projest anachuma peke yake na mimba ya miezi saba."

"Nishusheni," akasema Desderius kwa sauti ndogo. "Nitatembea."

"Hushuki. Mtu hai haachwi njiani. Tukikurudisha nyumbani, turudi na maiti, na tukirudi na maiti lazima tulie kuanzia hapa."

"Mimi naweza kuanza," akasema Projest, na akakohoa kusafisha koo.

Mzee Ndyamukama akaongeza kwamba katika hali hiyo Ma Xaveria atalazimika kunyolewa nywele, na kwamba kaburi kwa urefu ule ni kazi ya siku mbili. Waliyazungumza mambo hayo kwa utulivu kabisa. Desderius alitazama huku na huku, akaona hakuna anayecheka.

"Au tufike," akasema Ta Byarugaba. "Tukifika, wewe ni mgonjwa. Utanyamaza kama mgonjwa, utatibiwa kama mgonjwa, utakunywa kila utakachopewa. Mimi sitasema uongo mbele ya baraza. Nitasema niliyoyaona. Lakini ukifungua mdomo tena kabla ya kutibiwa, nitasema na niliyoyasikia."

Kazi ya mtu yule, kitabu cha walimu na jina lake ndani yake, vyote sasa vilikuwa mabegani mwetu pamoja na miguu yake mirefu. Alilijua hilo. Akalala, akajifunika blanketi mpaka kidevuni.

Baraza lilikuwa limekaa nje, mbele ya ofisi, kwa sababu ya joto. Walimu saba walikuwa wamesimama upande mmoja wakimngojea msemaji wao. Walipoona anakuja amelala, nyuso zao zilianguka, maana kati ya walimu siri tuliijua wawili tu. Tukapiga magoti kumsalimu Katikiro, mkuu wa baraza. "Kaboneka waitu."

"Mgonjwa ni nani?" akauliza.

"Ni Mwalimu Desderius, waitu," akasema Ta Byarugaba.

"Yule anayesema sana?"

"Ndiye. Kutoka Nyaishozi mpaka hapa hajasema ila mara mbili, na ya kwanza alisema kwa ukali, amekaa wima, macho yamemtoka."

"Homa ya kichwa," akasema Katikiro kwa huruma, na hakuna aliyesema uongo.

Gharib akatoka mbio dispensarini, iliyopakana na ofisi. Lakini badala ya kuinamisha kichwa kama siku ya jino langu, alikuwa anatabasamu. "Karibuni, karibuni! Mmekuja siku njema. Lori la Bukoba limeshusha jana jioni, tena limejaza." Akafungua kabati mbele ya baraza zima. Chupa zilipangwa humo safu kwa safu, kubwa kwa ndogo, na jua likazipiga zikang'aa.

Nilimtazama Desderius. Alikuwa amefumba macho.

Gharib alikuwa amekaa wiki tano bila dawa, na sasa alikuwa na mgonjwa mkubwa na watazamaji wa heshima. Alimpa kwinini. Alimchoma sindano, akachagua ile ndefu. Kisha akakoroga bilauri nzima ya chumvi ya haluli, ile isafishayo tumbo, na Ta Byarugaba akasimama karibu kabisa kuhakikisha inafika chini. Desderius alikunywa. Walimu saba walitazama hoja yao ikimezwa.

Haikuchukua muda. Mwalimu alifungua macho, akakaa, akasimama, akatembea, kisha akakimbia, moja kwa moja mpaka choo cha baraza.

Katikiro alicheka mpaka akafuta machozi kwa kanzu yake. "Mtu aliletwa anabebwa, sasa anakimbia! Nani tena atasema dispensari haina dawa? Karani, andika. Walimu wakatwe."

Mwalimu mmoja alijaribu kusema jambo, akazomewa. Mimi nilikuwa nimejificha nyuma ya engozi. Nilifikiria zile shilingi mbili za kila mwezi, miaka yote ya kazi yangu, na nilijisikia vibaya kweli kweli, maana akili ya kusema hapana nilikuwa nayo na sikuitumia.

Ndipo Desderius aliporudi. Alikuwa mweupe midomoni na alishika ukuta. Aliomba ruhusa ya kusema. Katikiro, kwa furaha aliyokuwa nayo, akampa.

"Waheshimiwa," alisema, taratibu, "nilibebwa, na sasa nasimama. Dawa hii ina nguvu. Shahidi wangu ni choo chenu."

Baraza likacheka. Walimu saba wakainamisha vichwa.

"Naona aibu kwamba bahati hii tumepewa walimu peke yetu. Wakuu wa vijiji nao wanapokea mshahara kila mwezi, na wana wake na watoto. Makarani wanapokea. Wazee wa baraza wanapokea posho. Katikiro anapokea, na kwa haki, mkubwa kuliko wetu. Nawaomba kwa unyenyekevu msijinyime. Tukatwe sote, kila mtu kwa kadiri ya mshahara wake."

Sasa hapakuwa na aliyecheka. Karani, aliyekuwa anaandika, aliinua kalamu.

Mkuu wa kijiji mmoja kutoka Kyerwa akasema kwamba, kwa kweli, dispensari iko mbali mno, mtu wa kwao angekufa njiani mara mbili. Mwingine akauliza je, lori lisipokuja mwezi ujao? Wa tatu akasema dresa ni mmoja tu, naye hulala mchana. Karani mwenyewe, ambaye hakuwa na haki ya kusema, akasema kodi tayari inalipwa, na kumkata mtu mara mbili kwa kichwa kimoja si halali. Maneno yote tuliyokuwa tumeyapanga walimu, kwa wiki tatu, yalitoka katika vinywa vya baraza, tena kwa uchungu kuliko tulivyoweza sisi.

"Shauri hili," akasema Katikiro, na hakuwa anatabasamu tena, "linataka kuchunguzwa. Tulisogeze mbele."

Lilisogezwa. Nilifundisha miaka kumi na minne baada ya hapo na sikulisikia tena.

Walimu saba walitaka kumbeba Desderius juu juu kwa shangwe. Aliwasihi kwa jina la Mungu wasimtikise. Walimpa mikono, wakamwita simba, wakaondoka kila mmoja kwenda kwao. Tukabaki sisi wa Nyaishozi, barabarani, na engozi tupu.

Desderius alikuwa anang'aa. Alianza kutueleza jinsi alivyowaza hoja ile akiwa chooni. Ta Byarugaba akamwacha amalize.

"Mwalimu," akasema, "umewashinda, na nimefurahi. Wewe na shilingi mbili zako mmerudi salama. Sasa nisaidie na mimi. Hawa watu kumi na wawili, mfuko wao wa dawa uko wapi?"

Tulingoja abishe, maana tulimzoea. Projest alikunja mikono akangoja.

Desderius akaja upande wangu, akainama, akaingiza bega chini ya mti. Hakuna aliyemwambia jinsi ya kushika. Alikuwa mrefu kuliko sisi wote, kwa hiyo engozi ililala upande, mti ukamkwaruza shingo, na tumbo bado lilikuwa linamnguruma. Tulisimama mara sita kabla ya Omurushaka ili aingie migombani. Kila mara Projest alimshikia nafasi, na kila mara alirudi akainama tena.

Uzito wote wa upande ule ulinijia mimi. Begani nilikuwa na lengelenge kubwa kama yai la kanga. Nilimwambia ashuke kidogo magotini. Akasema mimi ndiye niliye mfupi.